Samaki Wako Chini ya Miguu: Niliyojifunza kwa Kuvua Gatini

Mtu akifika gatini kwa mara ya kwanza na fimbo mpya mkononi, hufanya jambo lilelile. Hutembea mpaka mwisho kabisa wa gati, husimama kwenye kona, kisha hurusha chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, mbali kadiri mabega yanavyoruhusu. Halafu husubiri. Kando yake yupo mzee aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, ameshusha mshipi wima kando ya nguzo kama mtu anayeteka maji kisimani, na ndiye anayepata samaki.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini. Muda huo niliulipia kwa ndoana, kwa risasi na kwa asubuhi nyingi za kurudi mikono mitupu. Naandika haya ili anayeanza leo asilipe tena.

Sababu yenyewe ni hii. Sakafu ya ghuba nyingi ni mchanga au tope, tambarare, haina pa kujificha wala pa kula. Katikati ya uwanda huo mtupu binadamu akasimamisha nguzo. Nguzo zikaota chaza, kome na mwani. Kwenye chaza wakaja kaa na uduvi, kwa uduvi wakaja samaki wadogo, na kwa wadogo wakaja wakubwa. Juu ya hayo kuna kivuli cha gati, na samaki aliye kivulini humwona aliye kwenye mwanga kabla hajaonwa. Anayerusha mita hamsini amewaruka samaki wote hao na kwenda kuvua uwanjani. Wapo samaki wa uwanjani pia, taa na gayogayo hasa, wale bapa wanaolala mchangani, lakini anayeanza aanze chini ya miguu yake.

Vifaa, na kosa la kununua vingi

Fimbo ya ufukweni ya mita nne haina kazi gatini. Chukua ya mita 2.4 hadi 3, inayoweza kubeba chubwi la gramu 30 hadi 100. Ikiwa fupi kuliko hapo, mshipi unasugua ukingo wa gati. Ikiwa ndefu zaidi, huwezi kuvua karibu na nguzo bila kurudi nyuma na kugonga watu. Rili, kifaa cha kukunjia mshipi, ya ukubwa wa 4000 inatosha, ijazwe mshipi wa nailoni wa milimita 0.35, ambao kwa kawaida huhimili kilo 7 hadi 9.

Wengi hushawishika kununua mshipi wa kusukwa kwa kuwa ni mwembamba na una nguvu. Gatini una ubaya wake: haunyumbuki, na ukigusana na gamba la chaza ukiwa umekazwa hukatika papo hapo, kama uzi kwenye wembe. Ukitatizana na mshipi wa jirani, hakuna kufumua, ni kisu tu. Nailoni hunyumbuka, huvumilia msuguano kiasi, na ikitatizika hufumuliwa. Anayetaka wa kusukwa aunge mbele yake mita mbili au tatu za nailoni nene, ya milimita 0.50 au 0.60, ili nguzo ikutane na hiyo kwanza.

Namba za ndoana huwachanganya watu. Zisizo na /0 mwishoni hupungua kadiri namba inavyopanda: ndoana namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Zenye /0 huenda kinyume: 3/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa samaki wa nguzoni wenye vinywa vidogo, beba namba 6 na namba 4. Kwa wakubwa, beba ndoana za duara za 1/0 hadi 3/0. Basi. Boksi lililojaa chambo za plastiki za rangi kumi na mbili linaweza kusubiri mwaka mzima.

Fundo moja linatosha kuanzia, nalo ni Palomar. Kunja sentimita 15 za ncha ya mshipi ziwe mbili. Pitisha mkunjo huo kwenye tundu la ndoana. Kwa mshipi huo wa mara mbili funga fundo la kawaida, lile la kamba ya kiatu kabla ya kitanzi, usilikaze. Sasa pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi kilichobaki. Lowesha kwa mate, kisha vuta polepole ncha zote mbili. Kulowesha si ushirikina. Nailoni inayojisugua ikiwa kavu hupata joto, na joto huidhoofisha pale pale palipo fundo. Mafundo mengi yanayokatika samaki anapovuta yalikwisha kuharibika siku yalipofungwa.

Mpango wa mshipi uliookoa vifaa vyangu vingi ni huu. Mwisho wa mshipi mkuu weka swiveli, kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Chini yake funga nailoni ya milimita 0.45, urefu wa sentimita 80. Katikati yake toa tawi la sentimita 20, na mwisho wa tawi funga ndoana moja. Chini kabisa, badala ya kufunga chubwi moja kwa moja, liunge kwa kipande cha sentimita 15 cha mshipi dhaifu, unaohimili kilo 3 au 4. Chubwi ndilo linalonasa mara nyingi. Likinasa, utavuta, kipande dhaifu kitakatika, na ndoana, swiveli na huenda hata samaki watarudi. Unapoteza risasi tu. Kabla sijajua hili, kila kunasa kulikuwa ni kupoteza mpango mzima na kukaa chini robo saa kufunga upya huku samaki wakila kwa majirani.

Ukibana vichubwi vidogo vyenye mpasuko, tumia koleo. Meno hapana. Risasi ni sumu, na huingia mwilini kidogo kidogo.

Chambo na kisu

Ngisi ndiye chambo cha kuaminika kuliko vyote kwa anayeanza, kwa sababu haanguki kwenye ndoana upesi. Namna ya kumkata ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mpasue ubavuni, mfungue awe karatasi moja, toa ule mfupa wake mwangavu, menya ngozi ya zambarau. Kata ukanda wa urefu wa sentimita sita na upana wa sentimita moja, mwisho mmoja ukiwa mwembamba kama mkia. Ndoana ipite mara moja tu, kwenye ncha pana, na ncha ya ndoana ibaki nje wazi. Ukishusha majini utaona ukanda huo ukicheza kama kiumbe hai. Mgeni huusokota ukanda wote kwenye ndoana mpaka unakuwa donge. Donge halichezi, linazunguka na kusokota mshipi, na ncha ya ndoana imezama ndani ya nyama, haiwezi kumchoma yeyote.

Kamba wana harufu nzuri lakini ni laini, na samaki wadogo huwamaliza kwa dakika mbili. Mfunge kamba kwa mizunguko mitano sita ya uzi mwembamba wa kushonea, atadumu mara tatu zaidi. Minyoo ya baharini ni bora kwa vinywa vidogo: tumia kipande cha sentimita tatu, usiweke mnyoo mzima.

Chambo hai, yaani samaki wadogo, hupatikana hapohapo gatini. Chukua mnyororo wa ndoana ndogo zenye manyoya, namba 8 hadi 12, nne au tano kwenye mshipi mmoja, chubwi la gramu 30 chini. Shusha kando ya nguzo, inua polepole nusu mita, shusha. Wa kwanza akinasa usikimbilie kuvuta. Mwache ahangaike sekunde tano, manyoya yanacheza, na wenzake wanafuata. Ndoo ya lita 20 isiyo na pampu huhifadhi samaki wadogo sita hivi, na maji yabadilishwe kila dakika kumi. Wakiwa kumi na tano, watakufa wote. Hilo ni kosa la tamaa ambalo kila mtu hulifanya mara moja.

Maji, saa, na upande wa kusimama

Siku za mwanzo mtu huenda gatini anapopata nafasi. Baadaye huenda maji yanapotaka. Kwenye ghuba zinazojaa na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kujaa kunapita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Aliyepata samaki Jumamosi saa moja asubuhi, akarudi Jumamosi iliyofuata saa ileile, amekuja kwenye bahari nyingine kabisa.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya kujaa na kupwa sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu na ya nne tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kama tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 25 tu, na saa ya tatu sentimita 75. Ni makadirio, na umbo la ghuba huyabadilisha, lakini yanakuambia mkondo utakuwa mkali lini. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na mwezi mpevu, mkondo huo wa katikati unaweza kulibeba chubwi la gramu 60 kama jani. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, gramu 30 zinakaa palepale.

Mimi huchagua saa mbili za mwisho za kujaa na saa mbili za mwanzo za kupwa. Maji yakisimama kabisa, samaki nao hutulia. Tumia dakika hizo kubadilisha chambo na kunywa maji.

Sasa upande. Mkondo ukipita chini ya gati, una upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Ukishusha mshipi upande wa kuingilia, maji yanaupeleka chini ya gati, unajizungusha kwenye nguzo, na hapo umekwisha. Simama upande wa kutokea. Mshipi utavutwa nje, mbali na nguzo, na chambo kitapita mbele ya samaki waliojikinga nyuma ya nguzo wakisubiri mkondo uwaletee chakula. Maji yakigeuka, nawe geuka. Tupa kipande cha mwani au tonge la mkate majini na ukiangalie dakika moja kabla ya kufungua begi. Hatua hii ya dakika moja ingeniokolea nusu ya risasi zote nilizowahi kuziacha chini.

Shusha, usirushe. Fungua rili, zuia mshipi kwa kidole, acha chubwi liende polepole mpaka mshipi ulegee: limefika chini. Funga rili, zungusha mara mbili, chubwi liwe juu ya sakafu kidogo. Baada ya dakika kumi bila dalili, inua mita moja. Baada ya nyingine kumi, mita moja tena. Samaki wa nguzoni hawakai wote chini. Kuna wanaokula magamba nusu ya kina, na kama hujawatafuta kwa ngazi hutajua walikuwepo.

Kidole juu ya mshipi

Ncha ya fimbo inaeleza kidogo, kidole kinaeleza zaidi. Pitisha mshipi juu ya ncha ya kidole cha shahada, mbele ya rili. Samaki wadogo wanaodonoa utawasikia kama mtu anayegonga meza kwa ukucha: tik-tik, tik. Usivute. Ukivuta kila wanapodonoa utawalisha ngisi wako wote. Gayogayo hafanyi hivyo. Yeye hulala juu ya chambo, na unachosikia ni uzito mdogo uliozidi, kana kwamba mtu ameweka kitambaa chenye maji juu ya mshipi. Hapo hesabu mpaka tano kabla ya kuinua. Kolekole au mzia hasubirishi, fimbo inainama na rili inalia.

Kwa ndoana ya kawaida, mdonoo ukigeuka kuwa mvuto wa kudumu, inua fimbo kwa mkupuo mfupi. Kwa ndoana ya duara, mkupuo ndio unaoharibu, kwa sababu ncha yake imeelekea ndani na ukiivuta ghafla inateleza nje ya kinywa. Acha samaki ageuke kuondoka, kisha zungusha rili kwa mwendo mmoja mpaka uzito uje. Ndoana itajishika kwenye pembe ya kinywa. Kwa anayerudisha samaki wadogo baharini hii ina thamani kubwa, maana ni nadra kuzama tumboni.

Mita za mwisho

Hapa ndipo moyo unapovunjika. Watu wengi wanajua kumnasa samaki, wachache wanajua kumtoa majini na kumpandisha mita nne au saba hewani mpaka sakafu ya gati. Samaki mkubwa wa kwanza karibu kila mtu humpoteza kwenye mita hizo, na uchungu wake haufanani na wa kurudi bila kitu. Ulimwona. Ulihesabu magamba yake.

Kosa la kwanza ni breki ya rili. Iwekwe robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 8, kilo mbili au mbili na nusu. Huna mizani? Chupa ya lita mbili iliyojaa maji ina kilo mbili. Ifunge kwenye mshipi nyumbani, jaribu kuinyanyua kwa fimbo. Breki ianze kuachia chupa inapotaka kunyanyuka. Weka alama kwa wino hapo. Usiikaze ukiwa vitani, kwani ndipo mshipi hukatika.

Kosa la pili ni kumwacha samaki akachagua njia. Akinasa, sekunde kumi za kwanza atakimbilia nguzo. Nyoosha mkono, ncha ya fimbo iende nje mbali na gati, ikibidi chini kuelekea maji, umlazimishe atoke uwanjani. Akishatoka, huna haraka tena. Mwache akimbie huko. Wahenga walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, na gatini utaliona hilo kwa macho: samaki anayeruka na kupigapiga mbali na nguzo anachoka mwenyewe, huna la kufanya ila kushika mshipi usilegee.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Samaki wa kilo moja na nusu kwenda juu asivutwe kwa mshipi. Majini uzito wake hauhisiki. Hewani anakuwa na uzito wake wote, anajipiga, ndoana inachana kinywa. Tumia wavu wa kuteremsha: mduara wa chuma wenye upana wa sentimita 70 hadi 90, wavu chini yake, kamba tatu juu zinazokutana kwenye kamba moja. Kamba hiyo ipimwe maji yakiwa yamekupwa. Kama gati liko mita 4 juu ya maji yaliyojaa na tofauti ni mita 3, unahitaji mita 7 kufika majini na ziada ya kushikia. Nunua mita 12. Wengi hununua kwa kuangalia maji yaliyojaa, na siku ya samaki wavu unaning'inia hewani.

Wavu utangulie majini kabla samaki hajafika juu, uzame nusu mita, utulie. Usimkimbize kwa wavu, kwa sababu ukimgusa mkia ataondoka na kila kitu. Mwongoze yeye, kichwa mbele, kutoka juu ya mkondo, maji yamsukume ndani. Akiwa katikati, mwenye kamba anavuta wima na mwenye fimbo analegeza mshipi palepale. Kazi hii inataka watu wawili. Hiyo ndiyo sababu ya kumsalimia jirani asubuhi.

Majirani wenyewe wana haki zao. Kabla ya kurusha tazama nyuma, na useme kwa sauti. Kwenye gati lenye watu, rusha kwa chini, kutoka kiunoni. Ndoana inayopita juu ya kichwa itampata mtoto wa mtu. Ukimnasa samaki mkubwa paza sauti, wenzako wakunje mishipi yao, nawe ufanye vivyo hivyo kwao. Mishipi ikitatizana, wote walegeze, mmoja tu afumue. Wakivuta wote wawili, ni kisu.

Ukinasa chini, usifunge mshipi mkononi. Kwanza legeza kabisa, subiri, tembea mita kumi upande wa pili, uvute kutoka pembe tofauti. Ikishindikana, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti, elekeza fimbo moja kwa moja kwenye mshipi, rudi nyuma taratibu, uso ukiwa pembeni. Chubwi linalojitoa ghafla hurudi kama risasi ya bunduki.

Mambo yanayochoma

Taa akipanda gatini, hatari iko mkiani. Usimshike. Akiwa kwenye wavu, kata mshipi karibu na kinywa na umrudishe. Hongwe ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, na huchoma zaidi akiwa mdogo kwa sababu watu humdharau. Bunju anayejivimbisha ana sumu ambayo kupika hakuiondoi, basi arudi majini.

Aliyechomwa na taa atumbukize jeraha kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, yasizidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Maji yapimwe kwa mkono usioumia, maana ulioumia unaweza usihisi kuungua. Kisha hospitali, hata maumivu yakipungua. Mwiba ukiwa umezama kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Na mkato mdogo wa gamba la chaza usiudharau: katika maji ya vuguvugu kuna bakteria wa Vibrio, na jeraha linalovimba na kuwa jekundu kwa saa chache ni la kukimbizwa kwa daktari usiku huohuo.

Ndege wa baharini akinasa, mtu hushtuka na kukata mshipi. Huko ni kumuua polepole, kwa kuwa ataburuta mshipi mpaka ujifunge mahali. Mvute taratibu, mpandishe kwa wavu, mfunike kichwa kwa kitambaa, mmoja amshike mdomo bila kuziba pua. Sukuma ndoana mpaka kijino kilicho nyuma ya ncha yake kitokeze, kikate kwa koleo, rudisha ndoana ilikotoka.

Radi ikisikika, ondoka. Fimbo nyingi za leo ni za nyuzi za kaboni, nazo zinapitisha umeme, na wewe umesimama mahali palipoinuka juu ya maji. Rudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Usiku taa za gati huchora duara la mwanga majini. Uduvi hujaa ndani yake, samaki wadogo hufuata, na mgeni hushusha katikati ya mwanga. Wakubwa wako gizani, hatua moja nje ya mstari. Shusha gizani, vuta chambo kipite mpakani.

Kabla ya kuweka samaki yeyote, soma ubao wa sheria wa hapo ulipo. Mahali pengine leseni inatakiwa hata gatini, pengine haitakiwi, na urefu wa chini wa kila samaki hutofautiana. Unayemchukua muue mara moja kwa pigo kichwani, mkate mashavu atoke damu, umzike kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Barafu iwe angalau nusu ya uzito wa samaki, na jua likiwa kali, uzito sawa. Vibua na jodari wakikaa juani hutengeneza histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mtu hula samaki anayenukia vizuri, akavimba uso.

Nenda bila fimbo

Jambo hili nililifanya mwisho, na lilistahili kuwa la kwanza. Chagua siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, mchana, jua likiwa nyuma yako. Vaa miwani ya jua inayoondoa mng'ao wa maji. Tembea gati lote ukitazama chini, na daftari mkononi, ukihesabu nguzo kutoka nchi kavu.

Utaona sehemu ambazo nguzo zina magamba mazito na sehemu ambazo ni tupu. Utaona mashimo yaliyochimbwa na mkondo kwenye miguu ya nguzo, yenye kina kuliko sakafu inayoyazunguka. Maji yakipwa, samaki hubaki humo. Utaona mfereji mmoja unaokatisha chini ya gati, njia wanayopita wakiingia na kutoka. Na mahali fulani utaona mti uliozama au bomba la zamani, limening'iniwa na mishipi ya rangi zote, ndoana zenye kutu, na risasi za miaka mingi zikicheza na maji kama shanga.

Andika namba za nguzo hizo zote. Kwenye bomba weka alama ya kukataza. Kwenye shimo lenye magamba mengi zaidi weka alama nyingine, kisha angalia jedwali la maji utafute siku ambayo saa mbili za mwisho za kujaa zinaangukia alfajiri. Siku hiyo beba fimbo moja, ngisi wawili na wavu wenye kamba ya mita 12, na ushushe wima hapo.